Udongo Uwahi Ungali Maji: Tuwape Wazee Wetu Kazi ya Mikono



Bwana Mhariri aliniomba niandike habari za masomo ya watoto, kwa kuwa nimefundisha miaka 34 na jamaa wengi wananijua kwa jina la Bi Mwalimu kuliko kwa jina langu. Nimemuomba radhi, anipe nafasi niseme jambo jengine, ambalo kwa maoni yangu ni la skuli vile vile ingawa wanafunzi wake wana mvi. Jambo lenyewe ni ufinyanzi. Nataka kueleza kwa nini naona kuwa jumuiya yetu, itakapokaa katika mkutano mkuu kugawa mfuko wa mwaka, itenge fungu dogo kwa ajili ya darasa la kufinyanga udongo, na kwa nini fungu hilo lina haki sawa na lile la mahema, viti na vipaza sauti ambalo kila mwaka halikosi mtetezi.

Najua baadhi yenu mtacheka. Mmoja katika wajomba zangu alipopata habari alinipigia simu kutoka Maskati, akasema, "Sasa Bi Mwalimu, baada ya kusomesha umri wote ndiyo unarudi kuchezea matope?" Nilicheka naye. Lakini swali lake ni la haki, nalo linataka jibu lenye hoja.

Tuanze na methali tunayoijua sote: udongo uwahi ungali maji. Sisi walimu tumeitumia methali hii mpaka imechakaa, na kila mara tumeielekeza kwa watoto. Maana yake, mfunze mtoto angali mdogo, kwani akikauka hafinyangiki. Basi ndiyo tumejizoeza kuamini kuwa mtu mzima amekwisha kukauka, alivyo ndivyo alivyo, na huzuni aliyonayo atakwenda nayo kaburini.

Lakini muulizeni mfinyanzi yeyote. Atakwambieni kuwa udongo uliokauka, maadam haujapita motoni, hauharibiki. Utie ndani ya ndoo, umiminie maji, uache siku chache, utalainika na kurudi udongo ule ule. Joto la joko, linapopindukia kiasi cha digrii 600, ndilo linaloondoa maji yaliyofungamana na udongo wenyewe, na hapo tu ndipo haurudi tena. Na hata chungu kilichochomwa kisha kikavunjika, vigae vyake havitupwi ovyo. Husagwa vikachanganywa na udongo mpya, na udongo uliotiwa vigae vilivyosagwa huwa na nguvu zaidi, hukauka vizuri zaidi na haupasuki upesi motoni. Kwa hiyo methali yetu ni ya kweli kwa watoto, lakini haikutupa ruhusa ya kuwakatia tamaa wazee.

Nakuja sasa kwenye kiini cha maneno yangu. Jamaa zangu, sisi ni watu wenye misiba mingi isiyosemwa. Wako miongoni mwetu walioondoka Unguja baada ya Januari 1964 wakiwa na mtoto mgongoni na bahasha ya karatasi mkononi. Wako waliokaa kambini au katika vyumba vya kupanga, familia mbili jiko moja. Wako waliozika wazazi wao kwa simu, kwa sababu hawakuwa na pasi ya kuwafikisha mazikoni. Halafu ukaja mwaka 2020 na maradhi ya korona, tukawaona hapa Uingereza watu wetu wakipelekwa makaburini na jamaa wachache wamesimama mbali mbali, hakuna matanga, hakuna kushikana mikono, hakuna mlango uliofunguliwa. Msiba usiokaliwa matanga haumalizi kazi yake. Unakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga.

Nasi tuna adabu yetu ya kusema, "Alhamdulillahi, sijambo." Ni adabu njema wala siitukani. Lakini kuna "sijambo" ya shukurani na kuna "sijambo" ya kufunga mlango. Mwalimu aliyesomesha miaka mingi huzijua zote mbili, kwani watoto nao wanazo.

Sasa jiulizeni, mama zetu na bibi zetu walikuwa wakiitoa wapi huzuni yao? Hawakwenda kwa mtu wa kumlipa ili awasikilize. Wala hawakukaa uso kwa uso wakaulizana, "Unajisikiaje?" Walikuwa na kazi ya mikono. Walikaa uani wakisuka ukili, wakishona kofia, wakichambua mchele kwenye ungo, wakikuna nazi. Macho yapo chini kwenye kazi, mikono ina shughuli, na mdomo unapata uhuru. Maneno mazito ya ukoo yalisemwa juu ya ungo wa mchele. Mtu akilia, anainama kidogo tu, na hakuna anayemkodolea macho. Mwenzake anamsogezea kiganja cha mchele, kazi inaendelea.

Maisha ya huku yametuondolea kazi hiyo bila ya sisi kutambua. Mchele unakuja umekwisha kuchambuliwa, ndani ya mfuko. Nazi iko ndani ya kopo. Ukili haupatikani, na kofia tunaagizia. Uani hakuna, kuna ghorofa ya saba na lifti mbovu. Shangazi anabaki peke yake na televisheni, mikono yake juu ya mapaja, haina la kufanya. Tunamnunulia kila kitu, tukidhani tunampumzisha. Kumbe mikono isiyo na kazi huipa fikira nafasi ya kuzunguka pale pale usiku kucha.

Hapa ndipo udongo unapoingia. Katika mtaa ninaokaa kuna darasa la Alhamisi jioni, katika ukumbi wa mtaa, linaloongozwa na bibi mmoja wa Kiingereza aliye mfinyanzi. Nilikwenda kwa kumsindikiza jamaa yetu mmoja, mjane, ambaye tangu kufiwa na mume wake mwaka 2020 alikuwa mchache wa maneno, na chakula chake kama cha kuku. Jina lake silitaji. Wiki tatu za mwanzo hakufanya lolote ila kuuponda udongo. Anaufanya donge, anaulaza, anaupiga kwa kiganja, anaukunja, anaanza tena. Mwalimu wake hakumwambia, "Tengeneza kitu." Wiki ya nne akafanya chetezo, kidogo, kimepinda upande. Alipokuwa akitoboa matundu yake kwa kijiti, akasema, bila ya kuulizwa, kwamba marehemu alikuwa hapendi udi mwingi, na kila Ijumaa walikuwa wakigombana kwa hilo. Kisha akaeleza habari za hospitali, na za ile siku ya simu, kwa mara ya kwanza tangu zitokee. Alisema macho yake yako kwenye chetezo muda wote.

Sisemi kuwa amepona. Kufiwa si homa, haina siku ya kushuka. Nasema kuwa sasa analala, anakula, na anagombana nami tena kama zamani, na hilo mimi nalihesabu kuwa ni neema.

Mtauliza, kwa nini udongo na si kushona? Kushona ni kuzuri, na anayeweza na ashone. Lakini sindano yataka macho, na macho ya wengi wetu yamekwisha. Udongo unafinyangwa hata kwa kupapasa. Tena mshono ukikosea unaufumua kwa taabu, lakini udongo ukikosea unaubonyeza tu ukaanza upya, wala haukulaumu. Tatu, udongo unapokea nguvu. Mwenye hasira anaweza kuupiga mezani kwa nguvu zake zote, na kupigwa huko ni sehemu ya kazi yenyewe, kwani ndiko kunakotoa hewa iliyojificha ndani. Niambieni kazi gani nyengine ya heshima inayomruhusu bibi wa miaka 70 kupiga meza kwa ngumi na mbele za watu akasifiwa.

Kuna na funzo jengine ambalo sikulijua mpaka nilipoliona. Chombo hakiingii jokoni mpaka kikauke taratibu, siku kadhaa, kimefunikwa kitambaa kidogo ili ukingo usitangulie tumbo. Kikiharakishwa, maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na mvuke ukikosa njia hukipasua, pengine pamoja na vyombo vya jirani zake. Nikasema moyoni, ndivyo tulivyo. Machozi yasiyopewa muda wa kutoka taratibu hungoja siku ya moto, na aghalabu wanaoumia ni walio karibu.

Wala msidhani haya ni mambo ya mitaani tu. Jina la tiba kwa njia ya sanaa lilianza kutumika hapa hapa Uingereza mwaka 1942, nalo lilitolewa na mchoraji Adrian Hill, ambaye mwaka 1938 alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu, akaona kuchora kunamsaidia yeye na wagonjwa wenzake. Alitunga kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1945. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walitangaza utafiti wao juu ya watu wazima 39 waliopewa dakika 45 za kufanya sanaa watakayo, kwa kalamu, karatasi za kubandika au udongo. Walipima mate yao kabla na baada, kutafuta kiasi cha kotisoli, kemikali ambayo mwili huitoa mtu anapohemewa. Kwa kiasi cha watu watatu katika kila wanne ilikuwa imeshuka, na waliowahi kufanya sanaa hawakuwa na nafuu zaidi kuliko wasiowahi. Ni utafiti mdogo, wala haukuwa na kundi jengine la kulinganishia, kwa hivyo tusiubebeshe mzigo usioweza. Lakini mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000, likaona kuwa sanaa ina sehemu yake katika kuzuia maradhi na kuwasaidia wanaougua. Hawa si watu wa kuchezea matope.

Na sisi wenyewe, udongo si mgeni kwetu. Kabla ya misikiti yetu ya mawe, watu wa pwani walifinyanga vyungu na kuvichora pembetatu shingoni. Vigae vyao, vya tangu karne ya 7, vimefukuliwa kutoka visiwa vya Lamu mpaka Unguja Ukuu na kusini zaidi. Waliofuata walipotaka kumtukuza maiti wao, walipachika mabakuli ya kauri ya Kichina kwenye makaburi, na mpaka leo alama zake zinaonekana Kunduchi na Mambrui. Yaani hata zamani huzuni na chombo vilikaa pamoja. Jamaa wa Oman wanaijua Bahla na wafinyanzi wake. Na nani kati yetu wa umri wangu aliyesahau maji ya mtungi? Maji yale yalikuwa baridi bila ya umeme kwa sababu mtungi unatoa jasho, maji kidogo yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yanakauka kwa nje na kuyapoza yaliyobaki ndani. Mtungi usiotoa jasho haupozi. Hilo nalo litafakarini.

Tena mnao mfano mkubwa hapa hapa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikuja Uingereza mwaka 1971 kusoma. Baadaye akenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Odundo hajengi vyombo vyake kwa gurudumu. Huvijenga kwa mikono, akavisugua mpaka ving'are, na moto ukipata hewa hutoka vyekundu, ukinyimwa hewa hutoka vyeusi. Ukivitazama unaona shingo, mabega na tumbo la mtu. Vyombo hivyo vimewekwa katika Makumbusho ya Uingereza, na mwaka 2020 alipewa cheo cha Dame. Mtu aliyetoka kwetu, akiwa ugenini, alisema aliyonayo kwa udongo na dunia ikamsikia. Wazee wetu hawahitaji vyeo, lakini nao wana la kusema.

Sasa nijibu hoja za wanaopinga, kwani zipo na ni za watu wa heshima.

Wa kwanza wanasema, sanamu. Nami niliyekaa chuoni tangu utotoni sitaki kulipuuza. Lakini nani aliyetaja sanamu? Tutafinyanga vyetezo, mabakuli, vikombe na vigae vya ukutani. Mafundi wa Kiislamu wa Iraki, Kashan na Iznik walitia fahari yao yote katika vyombo na vigae vya namna hiyo. Na katika Sura ya Ar-Rahman tunakumbushwa kuwa mwanaadamu ameumbwa kwa udongo mkavu mfano wa ule wa mfinyanzi. Sioni kwa nini mtu aone haya kukaa karibu na asili yake.

Wa pili wanasema, mwenye msiba na asubiri. Naam, na asubiri. Lakini kusubiri hakujawa kukaa kimya peke yako chumbani. Mjane na amalize eda yake ya miezi minne na siku kumi, na baada yake tumsindikize, asiachwe akatafuta njia mwenyewe. Na aliye ndani ya eda, donge la udongo linaweza kumfikia nyumbani kama inavyomfikia sahani ya chakula.

Wa tatu wanasema, kama mtu anaumwa na aende kwa daktari. Hawa nakubaliana nao moja kwa moja. Asiyelala wiki nzima, asiyekula, anayesema maisha hayana maana, huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na asiambiwe kuwa imani yake ni ndogo. Udongo si badala ya dawa. Udongo ni badala ya ule ungo wa mchele tuliopoteza.

Wa nne wanasema, fedha. Kununua joko letu wenyewe ni ghali, wala silitaki kwa sasa. Vyuo na karakana nyingi hapa huchoma vyombo vya watu kwa malipo. Tunahitaji udongo, meza, mwalimu wa kulipwa kwa saa, na gari ya kuwachukua wasioweza kupanda basi. Napendekeza kila nyumba itoe pauni 3 kwa mwezi, na asiye nacho asiulizwe. Darasa liwe la jioni moja kila wiki kwa muda wa miezi sita, kisha tulitazame, likiwa halina faida tulifunge.

Na likikubaliwa, nina masharti yangu, kwani mwalimu hakosi masharti. Kwanza, pasiwe na mashindano wala zawadi, na vyombo visiuzwe katika bazari ya Idi. Siku tutakapoanza kusema cha nani kizuri, wazee watafunga mioyo yao tena. Pili, yanayosemwa mezani yabaki mezani. Tatu, usafi na usalama. Vumbi la udongo mkavu linadhuru mapafu, kwa hivyo meza zifutwe kwa kitambaa cha maji, zisifagiliwe. Na vyombo vya kulia vipakwe dawa ya kung'arisha isiyo na risasi. Nne, vijana wakaribishwe. Mvulana wa miaka 15 asiyejibu salamu ya babake huenda akamuuliza bibi yake jambo, mikono yao yote miwili ikiwa imejaa udongo.

Kuna methali nyengine, mfinyanzi hulia gaeni. Afinyangae vyombo vya watu wote, mwenyewe hula katika kigae. Nikiisikia nawaona wanawake wetu. Waliopika katika kila harusi na kila hitima ya jumuiya hii, waliolea wajukuu ili mama zao wende kazini, waliotuma fedha nyumbani kila mwezi wakavaa koti moja miaka kumi. Wamewatengenezea wengine vyombo vizima, wao wakabaki na kigae. Pauni 3 kwa mwezi si sadaka tunayowapa, ni sehemu ndogo ya deni.

Basi mkutanoni, suala hili litakapofika, nawaomba msipige kura kwa kunicheka wala kwa kunionea huruma. Mtazameni kwanza aliyekaa viti vya nyuma, aliyesema "sijambo" mlipomwamkia, kisha ndipo mnyanyue mikono.



Mwalimu mstaafu